Msonobari Hutengenezwa Chini

(Mazungumzo mbele ya wapenda miti, Mombasa, alasiri moja ya kusi)

Assalamu alaykum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango. Aliyenialika alinipa sharti moja tu: "Usituletee ule mti wako mkubwa, watu watautazama wenyewe badala ya kukusikiliza wewe." Nimetii. Nimekuja na kisinia hiki chenye miche saba ya msonobari. Hakuna hata mmoja unaopita urefu wa kidole cha shahada, na umri wake ni wiki sita. Kwa sasa kikae hapo mezani, tutakirudia.

Nianze na aibu yangu, maana nikiificha mtaisikia kwa majirani. Mwaka niliostaafu ukarani bandarini nilikuwa na wakati mwingi na akili chache. Siku moja nikaona kwenye simu picha ya msonobari mdogo ndani ya chungu, sindano zake za buluu kama wino, na chini yake pameandikwa "mbegu za bonsai". Muuzaji simtaji, huenda hata yeye hakujua anauza nini. Nikalipa, pakiti ikaja, mbegu hamsini. Nikazipanda kwenye makopo ya maziwa, juu kwenye sakafu ya nyumba yetu ya Kuze. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikachomoza moja. Wallahi nilishuka ngazi mbio kama mtoto, nikawaita watu waje waone. Siku chache baadaye mke wangu akapanda kuanika nguo, akainama, akautazama ule mche, kisha akaniuliza kwa upole wa mtu ambaye jibu analo: "Baba Salim, huu si mchicha?"

Ulikuwa mchicha. Na mboga ya mtu mmoja haukutosha.

(Kicheko.)

Chekeni, lakini wapo humu ndani waliokwisha lipia pakiti kama ile, nawaona nyuso zao. Basi jueni kwamba hakuna mbegu ya bonsai duniani. Bonsai ni neno la Kijapani lililotoka Uchina, na maana yake ni kilichopandwa kwenye sinia, basi. Mbegu ya msonobari wa bonsai ni ile ile inayotoa boriti na mbao. Uipande ardhini, uiache, itakupa mti wa mita ishirini na zaidi. Udogo hauko ndani ya mbegu. Uko kwenye mkono wa mlezi, na mkono huo hufanya kazi zaidi chini kuliko juu. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Watu hutazama matawi na sindano. Mimi kila msonobari ulionifia ulianza kufa chini, na kila ulionipendeza ulianza kupendeza chini.

Tuseme kweli, msonobari si mti wa kwetu. Aina zake ni zaidi ya mia moja, na karibu zote asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia. Moja tu, ya Sumatra, ndiyo iliyovuka ikweta bila kubebwa na mtu. Misonobari ya bara, mnayoiona mkipita Limuru, ni wageni walioletwa kwa ajili ya mbao. Ule wenye sindano zinazoning'inia kama nywele zilizorowa kwao ni Meksiko. Na ile mnayoiita misonobari ufuoni Nyali na Bamburi siyo kabisa. Ile ni mivinje.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Tafadhali nipitishieni hiki kitawi, nimekikata asubuhi. Kitazameni kwa karibu. Hii inayofanana na sindano ina vifundo, kama muwa mdogo sana. Kila kifundo kimezungukwa na vimeno, sita, saba au vinane, vidogo hata macho yanataka miwani. Vimeno hivyo ndivyo majani. Sindano yenyewe ni kijitawi. Tulipokuwa watoto tulikivuta kikaachana kwenye kifundo, tukakirudishia mahali pake, kisha tukamwuliza mwenzetu, "Kimekatika wapi?" Akikosea, konzi. Sindano ya msonobari haina kifundo hata kimoja. Hutoka mbili mbili, tatu tatu au tano tano kulingana na aina, zimefungwa pamoja shinani kwa kijiala chembamba kama karatasi.

Simdharau mvinje. Mtu anayeanza leo ningemwambia aanze nao, unavumilia jua, upepo na makosa yetu. Indonesia na Taiwan wanatengeneza bonsai za mvinje za kukufanya usimame. Na mti huu ndio uliofufua machimbo ya saruji ya Bamburi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, alipoanza kupanda pale mwaka 1971, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe, miti mingi aliyoijaribu ilikufa, mvinje ukashika. Siri yake ilikuwa chini, kwenye mizizi, kuna bakteria anayeutafutia naitrojeni kutoka hewani. Hilo tuliweke akibani, kwa sababu msonobari nao una rafiki yake wa chini, na mimi nilichelewa kumjua.

Haya, msonobari gani? Wajapani wana mitatu wanayoipenda: mweupe wa sindano tano, mwekundu na mweusi wa sindano mbili. Mweupe tuuache, ni mti wa milimani na unadai baridi ya kweli. Huku kwetu utakufa kwa unyonge hata kama utauimbia. Mwekundu nao sikushauri. Mweusi, kuromatsu kwa jina la kwao, ndio unaofanana na sisi. Ni mti wa pwani. Wajapani wameupanda karne nyingi kwenye fukwe zao kuzuia mchanga na upepo wa bahari, kazi ile ile inayofanywa na mvinje hapa. Ukipata mbegu za msonobari wa Okinawa ni bora zaidi, kwa sababu kule ni joto, lakini hazipatikani kirahisi. Na mbegu zozote za kutoka nje zinataka kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali. Msije mkaingiza maradhi ya miti kwenye bahasha kwa sababu ya pupa. Bara waliwahi kupanda msonobari uitwao radiata kwa wingi. Miaka ya 1960 ukaingia ukungu wa sindano, wakaacha kuupanda.

Sasa, hilo neno "mti wa pwani" ndilo lililoniponza.

Nilipopata mbegu za kweli, zikaota, nikajiambia mti huu umezoea bahari, chumvi haitauudhi. Nyumbani Kuze tuna kisima, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, na wote mnayajua maji ya visima vyetu: ya kuoshea sakafu sawa, chai yake unaipika mara moja tu. Bomba lilikuwa limekauka kwa siku tisa, nikayateka ya kisimani, nikamwagia. Nikaendelea hata bomba liliporudi, kwa uvivu wa kupanga foleni ya madumu. Mwezi wa pili ncha za sindano zikageuka kahawia, kama mtu amezipitisha juu ya mshumaa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mnaelewa? Niliongeza sumu kwa huruma.

Baadaye sana nikasoma habari za mji wa Rikuzentakata, Japani. Ufuoni pale kulikuwa na misonobari kama elfu sabini. Tsunami ya Machi 2011 iliifagia yote, ukabaki mmoja umesimama, watu wakauita mti wa muujiza, wakaja kuulilia na kuuombea. Mwaka 2012 ukafa na huo. Upepo wa chumvi ulikuwa umeuzoea maisha yake yote. Ulichokufia ni maji ya bahari yaliyoingia kwenye mizizi. Niliposoma hayo nilikaa kitako. Chumvi ya juu na chumvi ya chini si chumvi moja. Kusi likivuma na kutupulizia marasharasha ya bahari, msonobari mweusi hauna neno. Kisima cha Kuze kikiingia chunguni, umekwisha. Tangu siku hiyo nakinga maji ya mvua ya paani kwenye pipa, na pipa likiisha natumia ya bomba, ambayo nimeyaacha usiku mzima kwenye ndoo wazi.

Chumvi ilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ni udongo. Mombasa ni kisiwa cha matumbawe. Mchanga wetu wa pwani ni chokaa tupu iliyosagika, na msonobari unapenda udongo wenye asidi kidogo. Ukiupanda kwenye chokaa, madini ya chuma yapo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, sindano zinakuwa za manjano, unaanza kununua mbolea, na mbolea haisaidii. Nendeni duka la vifaa vya ujenzi mkaulize mchanga wa mto, msikubali wa pwani. Mimi nachanganya mchanga wa mto uliooshwa na kokoto nyepesi za volkano zinazotoka upande wa Naivasha. Kina mama mnazijua, ni lile jiwe la kusugulia visigino, lililojaa vitundu na linaloelea majini. Lipondeni, lichekecheni. Punje za kati ya milimita mbili na tano ndizo tunazotaka. Vumbi lote nje. Vumbi likibaki linaziba njia ya hewa, maji yanatuama, na mzizi wa msonobari usiopumua huoza. Chekecheke yangu ya kwanza niliiazima jikoni bila ruhusa. Sasa ninayo yangu.

Na rafiki wa chini niliyemtaja? Ni kuvu. Mizizi ya msonobari hufungamana na kuvu fulani wa udongoni, mzizi unampa kuvu sukari, kuvu anaupa mzizi maji na madini kutoka mahali usipofika wenyewe. Wakoloni walipoanza kupanda misonobari Afrika, miche mingi ilidumaa vitaluni, ya manjano, hadi walipoleta udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kuishi na kuvu huyo. Kwetu Kuze kuvu huyo hayupo. Nikampigia mpwa wangu anayefanya kazi Limuru, nikamwomba aende shambani kwa rafiki yake mwenye misonobari, afukue matandazo ya sindano zilizooza na udongo wa juu kidogo, anipakie kwenye basi. Utingo akafungua gunia, akaniambia pale stendi, "Mzee, umetumiwa takataka." Nikamwambia ndizo nilizoagiza. Alinitazama kwa huruma sana. Konzi moja tu ya zile takataka kwa kila kisinia inatosha. Ukiutoa mche baada ya mwaka, ukaona utando mweupe kama pamba umeikumbatia mizizi, usiuoshe. Huo ndio utajiri wako.

Sasa mbegu yenyewe. Nitakwenda mbio hapa, si kazi ngumu. Mbegu ya msonobari mweusi ni ndogo kama punje ya ufuta ulionenepa, ina ubawa, utoe. Iloweke saa 24. Zinazozama ni nzima, zinazoelea usizipe imani yako. Kisha zifunge kwenye mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya kopo, uweke kwenye friji wiki nne hadi sita, si kule kwenye barafu, ni kule kwenye maziwa. Mbegu hii kwao hupita baridi kabla ya kuota. Ukiidanganya kwa friji, zinaamka pamoja badala ya kuchomoza moja moja kwa miezi. Kopo langu nimeliandika kwa kalamu nene SI BIZARI. Msiniulize kwa nini.

Vitabu vyote vinasema panda majira ya kuchipua. Sisi hatuna majira hayo, tuna pepo. Mimi hupanda mwezi wa sita, masika yamekwisha nguvu na kusi imepoza sakafu. Ukipanda wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, sakafu ya juu ni jiko. Kina ni kama sentimita moja tu, kivuli cha makuti, maji asubuhi. Jioni hapana, miche ikilala imerowa huoza shingoni na kuanguka yote usiku mmoja, kama waliokunywa sumu. Baada ya wiki mbili au tatu mche unainuka na ganda la mbegu kichwani kama kofia. Utashikwa na hamu ya kuivua. Usiivue. Ukiivuta unaweza kung'oa majani ya mbegu yaliyo ndani, na mche hauna mengine. Itadondoka yenyewe.

Sasa njooni kwenye kisinia. Wa mbele inameni, wa nyuma sogeeni.

Huu ni wa wiki sita. Juu ni majani ya mbegu, yametanda kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na katikati yake sindano za kwanza ndizo zinaanza. Tazameni shina, ni la zambarau. Bado laini, lakini si laini kama lilivyokuwa wiki ya tatu. Chini ya mchanga, msichokiona, kuna mzizi mkuu mmoja unaoteremka moja kwa moja. Msituni mzizi huo ndio unaoutia mti nanga. Kwenye chungu cha kina cha vidole vinne hauna pa kwenda. Utajizungusha, utaneneka upande mmoja, na baada ya miaka kumi utakuwa na mti mzuri uliosimama juu ya fundo baya. Wakati huo hakuna dawa. Nina mmoja wa namna hiyo nyumbani, na nauweka karibu na ukuta ili ule upande wake usionekane.

Kwa hiyo tunaukata. Ndio, tunaukata mzizi wote. Mtu aliyelea mbegu kwa miezi mitatu, akazilinda na panya na kunguru, anachukua wembe mpya na kuukata mche chini ya majani ya mbegu, akiacha shina la sentimita moja na nusu au mbili. Mzizi anautupa. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka hadi nikauweka wembe chini, nikaenda kunywa kahawa, nikarudi. Kata lazima iwe moja, safi, kwenye kitu kigumu. Ukisita, unaponda, na palipopondwa panaoza. Halafu unachovya ncha kwenye unga wa homoni ya mizizi, unapuliza uliozidi. Unatoboa mchanga kwa njiti ya kiberiti kwanza, unaingiza, unabana kwa vidole viwili. Usilitumie shina lenyewe kutobolea, unga wote utabaki juu. Unafunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, unaweka kivulini, na unaondoa mikono. Wiki nne, tano, sita. Kila asubuhi utatamani kuvuta kidogo uone kama umeshika. Mimi nilivuta. Ulikuwa umeshika, mzizi mmoja wa unywele, nikaukata kwa udadisi wangu.

Ikiwa umejizuia, utapata malipo yako mwakani ukibadilisha udongo. Badala ya mzizi mmoja unaoshuka, kuna mitano, sita, saba, imetoka pande zote usawa mmoja, kama spoku za baiskeli. Hiyo ndiyo itakayoneneka na kuonekana juu ya udongo miaka ijayo, ule mguu uliotanda unaoufanya mti wa sentimita thelathini ukuambie una umri wa babu yako. Wajapani wana jina lake maalumu. Mimi nauita unyayo. Si kila mche utakaovuka. Robo au theluthi hunifia hapo, na ndiyo maana napanda nyingi.

Baada ya unyayo, chujio. Usicheke, dada. Hili hapa ni chujio la plastiki la kuoshea mchele, la Kongowea. Walezi wa misonobari duniani kote wanalitumia, sikulibuni mimi. Kwenye chungu cha kawaida mzizi ukifika ukutani unazunguka na kuzunguka. Kwenye chujio unafika kwenye tundu, unakutana na hewa kavu, ncha yake inakauka, na nyuma ya ile ncha yanatoka matawi mapya ya mizizi. Nayo yakifika tunduni hivyo hivyo. Baada ya miaka miwili una tonge la mizizi myembamba lililoshikana kama bui la buibui, karibu na shina, tayari kwa sinia. Miaka mingapi nilinunua vyungu vya bei wakati kitu chenyewe kilikuwa jikoni kwetu!

Sehemu ya juu ya mti nitaisema kwa haraka. Mwaka wa pili au wa tatu, shina likiwa nene kama penseli, lizungushie waya ulikunje upendavyo. La miaka mitano halikunjiki, linavunjika. Waya wa alumini ndio wanaoutumia wengi. Mimi nachukua wa shaba kwa mafundi wanaosuka mota, mabaki yao, nauchoma kwanza ulainike. Hapa kwetu mti haulali, kwa hiyo waya unazama upesi. Kagua kila wiki mbili, na ukianza kuuma gome, ukate vipande, usiukunjue. Ukitaka shina linenepe, acha tawi moja juu likimbie hata mita na nusu, baya, refu, la kuchekesha. Ni tawi la kafara. Linanenepesha kilicho chini yake, na siku likitosha unalikata. Vitawi vya chini ulinde kama mboni, msonobari ukipoteza tawi kwenye gome zee haurudishi. Habari za kukata mishumaa, yale machipukizi marefu, ili sindano za sentimita kumi ziwe za tatu, hiyo ni kazi ya mti wenye nguvu wa miaka mingi. Atakayefika huko anitafute.

Naam, mzee wangu, umenyoosha mkono tangu kitambo.

(Mzee mmoja akauliza: "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na mbili. Nikipanda leo, huo mti nitauona lini?")

Swali zuri, na sitakudanganya. Kuwa mche mzuri, miaka mitatu. Kuwa kitu ambacho mgeni atakitazama bila ya wewe kumwonesha, minane hadi kumi na miwili. Kuwa mti mzee, hatutauona, si wewe wala mimi. Lakini nikupe habari moja. Upo msonobari mweupe wa familia ya Yamaki wa Hiroshima ulioanza kulelewa mwaka 1625. Huku kwetu, hiyo ni miaka sita kabla Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, hajawageukia Wareno ndani ya Fort Jesus. Bomu la atomiki lilipoangushwa Agosti 1945, mti ulikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba yao, umbali wa kama kilomita tatu. Ukuta ukaukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki akaitoa bonsai ile zawadi kwa Marekani, nchi iliyolirusha lile bomu, na hakusema neno juu ya Hiroshima. Waliokuwa wakiumwagilia Washington hawakujua hadi mwaka 2001, wajukuu wake walipokuja kuutazama na kuwasimulia. Upo mpaka leo. Hakuna hata mmoja katika familia hiyo aliyeuona mti ule tangu mche hadi sasa, kila mmoja aliushika kipande chake.

Na wewe mzee usinitolee kisingizio cha miaka. Sehemu tamu kuliko zote ni ya wiki ya sita, na hiyo utaiwahi ukipanda mbegu mwezi huu.

Wakati haujaisha, naambiwa tuna robo saa kabla ya adhana. Miche ni saba. Nimeleta nyembe saba, mpya, bado zimo kwenye karatasi zake. Unga wa homoni upo kwenye kifuniko hiki cha soda, mchanga nimekwisha uchekecha, chupa zimekatwa. Atakayekata ataondoka na mche wake, na nambari yangu ya simu nitampa, anipigie ukishika au ukifa. Mwenye kikombe cha chai akiweke mbali na meza tafadhali. Mzee wangu, njoo wewe kwanza. Kaa hapa. Hapana, wembe ushike hivi, karibu na ncha.